Injinia anatafuta nini wodini?

Kila inapotoka habari ya mashine mpya au kompyuta mpya za hospitali, mabishano ya barazani hapa Mombasa huwa ni yale yale. Mmoja atasema pesa hizo zingeajiri wauguzi. Wa pili atajibu kwamba wauguzi wapo, ila hawajishughulishi. Wa tatu, aliyeshinda hospitali kuu ya Makadara kutwa nzima akingojea dawa za mamake, ndiye huuliza swali ninaloliona la maana: hao mainjinia wanaotajwa kwenye taarifa hizi, hospitalini wanatafuta nini? Mgonjwa hawamtibu, sindano hawadungi.

Swali ni zuri, kwa sababu jibu lake linawagusa wale wabishi wawili wa mwanzo pia. Lakini tuelewane kwanza ni nani na nini kinazungumzwa.

Muuguzi, ambaye wengi tunamwita sista au nesi, ndiye mtumishi wa hospitali anayekaa na mgonjwa muda mrefu kuliko wote. Daktari hupita wodini, akaandika, akaenda zake wodi nyingine. Muuguzi ndiye anayetoa dawa saa sita za usiku, anayeona dripu imesimama, anayejua kwamba kitanda cha dirishani hulowa mvua ya kusi ikipiga. Anajua mambo mengi ambayo hayajaandikwa popote.

Mhandisi naye ni wa aina nyingi. Anayejulikana zaidi ni wa vifaa tiba: huhakikisha mashine inapima sawasawa, inafanyiwa huduma kwa wakati na ina vipuri. Watu humwita fundi, na wengi wao wamezoea. Yupo mhandisi wa mifumo, ambaye bisibisi haishiki kabisa. Vyombo vyake ni saa, daftari na hesabu, na kazi yake ni kufuatilia shughuli inavyotoka mkono mmoja kwenda mwingine na inakwama wapi. Yupo anayechunguza jinsi vitu vinavyopatana na macho, mikono na uchovu wa binadamu: kitufe kikae wapi, kengele ilie vipi, chupa mbili zinazofanana zitenganishwe namna gani. Halafu wapo wa majengo, wa maji, wa programu za kompyuta.

Na mfumo wa utoaji huduma ni ile njia yote anayopita mgonjwa tangu getini mpaka anaporudi nyumbani na dawa zake: watu, vyumba, faili, mashine, stima, maji, pamoja na mpangilio wa nani anamfuata nani. Ile kompyuta ya kaunta ambayo kila tukifika tunaambiwa iko chini ni kipande kimoja tu cha mfumo huo, tena si kikubwa.

Foleni ina hesabu yake

Anayevuka Likoni kila siku ameshalijua somo hili nusu. Saa nane za mchana watu huingia kwenye feri bila kusukumana. Saa moja asubuhi, feri zikiwa zile zile, kivuko hakipitiki. Kilichobadilika ni mambo mawili: watu wamefika kwa mkupuo, na kila feri inaondoka imejaa pomoni, kwa hiyo hakuna nafasi iliyobaki ya kufidia hitilafu yoyote. Feri moja ikichelewa dakika kumi kwa sababu ya lori lililozimika, dakika hizo hazirudi. Kila anayefika baadaye atazilipa, mpaka msongamano wa asubuhi uishe wenyewe.

Kituo cha afya hujaa kwa sababu hizo hizo, na hesabu yake imejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja. Mdenmark mmoja, Agner Krarup Erlang, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1909, akishughulikia simu za Copenhagen. Alitaka kujua laini ngapi zinatosha ili wapigaji wasisubiri kupita kiasi. Hospitali zilikuja kuazima hesabu hiyo baadaye.

Tuseme muuguzi mmoja anapima presha, joto na uzito kabla ya wagonjwa kumwona daktari, na kwa wastani kila mgonjwa anachukua dakika 6. Uwezo wake basi ni wagonjwa 10 kwa saa. Wakija 5 kwa saa, mtu atangoja dakika 6 hivi kabla ya kuitwa. Wakija 8, atangoja dakika 24. Wakija 9, dakika 54. Na wakija 19 kwa kila saa mbili, yaani tisa na nusu kwa saa, kungoja kunakaribia saa mbili kamili. Zingatia kwamba mpaka hapo bado hawajafikia uwezo wake wa 10. Hesabu hii inachukulia kwamba watu hufika bila mpangilio maalumu, na kwamba mmoja atachukua dakika 2 na mwingine 15, kama ilivyo kweli. Mzee mwenye kisukari na kijana mwenye mafua hawalingani.

Ziangalie tena namba hizo. Kutoka wagonjwa 8 mpaka 9, kazi imeongezeka kidogo tu, lakini muda wa kungoja umeongezeka zaidi ya maradufu. Mtu aliyeko benchini atasema sista leo ana maringo. Sista hajabadilika hata chembe.

Hapa ndipo ninapowaonea huruma wasimamizi wanaopita wodini, wakamwona muuguzi amekaa, wakaamua kwamba wafanyakazi wamezidi. Kwa hesabu ya Erlang, yule wa wagonjwa 5 kwa saa, ambaye nusu ya muda wake anaonekana yuko huru, ndiye mwenye foleni ya dakika 6. Huo muda unaoonekana wa bure ndio unaomeza ajali ya bodaboda ikiletwa ghafla. Ukimpa kazi nyingine ya kujaza muda huo, foleni itakuja kukuuliza.

Mhandisi ana hila nyingine ya bei rahisi. Chukua wauguzi wawili, kila mmoja na chumba chake na foleni yake, kila foleni ikipokea wagonjwa 9 kwa saa. Kwa hesabu ya juu, kila mtu atangoja dakika 54. Ziunganishe foleni zile ziwe moja, na yeyote kati ya wauguzi wawili aliye huru aite anayefuata: kungoja kunashuka mpaka kama dakika 26. Wagonjwa ni wale wale na wauguzi ni wale wale. Kweli, watu wakiwa na mazoea ya kuhama foleni tofauti itakuwa ndogo kidogo, na sisi mazoea hayo tunayo. Hata hivyo benki zimeshatufundisha kuchukua namba na kukaa. Sioni kwa nini chumba cha presha kishindwe.

Namba bila sista ni namba tupu

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba mhandisi angekuja peke yake, akapiga hesabu, akaacha maagizo, akaondoka. Hilo limejaribiwa mahali pengi na linafeli, kwa sababu ile dakika 6 ya wastani haielezi kilichomo ndani yake.

Muuguzi ndiye atakayekwambia kwamba kupima presha huchukua dakika 2, na zile 4 zilizobaki ni za kutafuta kipimo, maana kiko kimoja na kinazunguka vyumba vitatu. Ukiongeza muuguzi wa pili bila kununua kipimo cha pili, umeongeza mtu wa kukitafuta. Na atakwambia mengine. Fikiria mazungumzo kama haya kwenye wodi ya watoto:

"Sista, hii mashine nimeipima, iko sawa kabisa."

"Iko sawa, injinia, sikatai. Lakini waya wake haufiki kitanda cha tatu. Mtoto wa kitanda cha tatu kwake yeye haipo."

Kwenye daftari la fundi mashine hiyo imeandikwa nzima, na fundi hajadanganya.

Mwaka 2008 huko Marekani ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wauguzi wa hospitali 36 wakiwa kazini. Iligundulika kwamba zaidi ya theluthi ya muda wao uliishia kwenye kuandika kumbukumbu, na kama sehemu moja tu kati ya tano ilikwenda kwenye kumhudumia mgonjwa mwenyewe. Walikuwa wakitembea karibu kilomita 5 kwa zamu ya mchana ya saa 10, wakifuata dawa, vifaa na watu. Hospitali zetu si za Marekani: muuguzi wa hapa ana wagonjwa wengi zaidi na vifaa vichache zaidi, kwa hiyo sidhani kama anatembea pungufu. Stoo ikihamishwa karibu na wodi, hatua hizo zinageuka kuwa dakika za mgonjwa. Nani aseme stoo ihamie wapi? Mhandisi atapima umbali. Muuguzi atasema ni vitu gani vinavyotafutwa saa tisa za usiku, wakati mwenye ufunguo wa stoo kuu amelala.

Ushirikiano huu si mtindo wa juzi. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, alipofika hospitali ya jeshi ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul, Novemba 1854 wakati wa Vita vya Crimea, alipanga chakula, nguo na usafi wa wodi, na bado askari waliendelea kufa. Februari 1855 vifo vilifika kama asilimia 42 ya waliolazwa. Machi ikafika tume ya usafi kutoka Uingereza, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Robert Rawlinson, mhandisi wa ujenzi. Tume ilikuta jengo limekaa juu ya mifereji ya maji taka iliyoziba. Waliizibua na kuisukuma kwa maji, wakaondoa mizoga, wakafungua njia za hewa, na vifo vikashuka haraka kufikia katikati ya mwaka. Nightingale mwenyewe alisema baadaye kwamba tume ile ndiyo iliyoliokoa jeshi. Mwaka huo huo mhandisi Isambard Kingdom Brunel alisanifu hospitali nzima ya mbao kule Renkioi, Uturuki, iliyokatwa vipande Uingereza, ikapakiwa melini na kuunganishwa ilipofika, ikiwa na mifereji na njia za hewa tangu mwanzo. Sisi husimuliwa habari za taa aliyozunguka nayo Nightingale wodini usiku. Za mifereji hatusimuliwi.

Kosa likitokea, nani alaumiwe?

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba makosa ya hospitalini hutokana na uzembe, na dawa ya uzembe ni ukali. Uzembe upo, tusifichane. Lakini wahandisi wanaochunguza makosa wana swali wanalolitanguliza: je, mtu makini, aliyechoka, akiwa zamu ya usiku, angeweza kukosea hapa? Jibu likiwa ndiyo, kumfukuza aliyekosea hakutamzuia atakayekuja kesho.

Mfano ulio wazi ni wa mirija. Kwa miaka mingi mrija wa kumlisha mgonjwa chakula tumboni na mrija wa dripu uingiao kwenye mshipa vilikuwa na ncha zinazoingiliana. Duniani kote wapo wagonjwa waliokufa kwa sababu chakula kiliunganishwa kwenye mshipa wa damu. Makaratasi ya "kuwa makini" yalibandikwa kutani, na makosa yakaendelea. Wauguzi waliyaripoti, wahandisi wakarudi kwenye umbo lenyewe, na sasa upo utaratibu wa kimataifa unaotaka ncha za matumizi tofauti zisiweze kuingiliana hata mtu akilazimisha. Mitungi ya gesi za usingizi ilitangulia: tangu miaka ya 1950 kila gesi ina mpangilio wake wa pini, ili mtungi wa gesi nyingine usikae mahali pa oksijeni.

Kengele za monita, zile mashine zinazofuatilia hali ya mgonjwa kitandani, ni balaa la namna nyingine. Mwaka 2013 taasisi ya Marekani inayokagua ubora wa hospitali ilitoa tahadhari kwamba kati ya asilimia 85 na 99 ya milio ya mashine haihitaji hatua yoyote ya tiba. Sikio likizoea uongo, hata ukweli ukilia halishtuki. Taasisi hiyo ilikuwa imepokea taarifa za vifo 80 vilivyohusishwa na kengele ndani ya miaka mitatu na nusu. Mhandisi anaweza kubadilisha viwango vya kulia. Kipi kibaki na kipi kinyamaze kwa mgonjwa wa aina gani, hilo hawezi kulijua bila mtu aliyekesha na kelele hizo.

Kuna dhana pacha: kwamba wauguzi hawapendi teknolojia. Mwaka 2008 watafiti walichunguza hospitali za Marekani zilizoweka mashine za kusoma alama za mistari kwenye mkanda wa mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Wakakuta wauguzi wamebuni njia 15 tofauti za kuzikwepa, ikiwemo kubandika nakala za mikanda ya wagonjwa kwenye vitoroli na milangoni. Ukiishia hapo utasema ni utukutu. Lakini watafiti waliorodhesha pia sababu 31 za kukwepa huko: mikanda iliyolowa au kuchanika ikawa haisomeki, betri zilizokwisha, intaneti isiyofika chumbani, mgonjwa aliyetengwa ambaye mashine haiwezi kuingia kwake. Kila njia ya kukwepa ilikuwa ripoti ya hitilafu ambayo hakuna aliyeiomba kwa maandishi.

Jambo jepesi kuliko yote hapa limepita Tanzania pia. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyoazima desturi ya marubani ya kusoma orodha kabla ya kuruka, ilijaribiwa katika miji minane, Ifakara ikiwa mmojawapo. Matokeo yalitoka mwaka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka 11 hadi 7. Ni karatasi moja. Mara nyingi anayeisoma kwa sauti ni muuguzi, na thamani yake yote inategemea kama daktari mpasuaji atakubali kusimamishwa naye.

Mashine, chumvi na stima

Turudi kwa yule mbishi wa kwanza, anayesema pesa za mashine ni hasara. Hajakosea sana, ila sababu aliyoishika ni nyingine.

Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kukodi vifaa tiba kwa hospitali 98: mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa. Mkataba wa mwanzo ulitajwa kuwa wa shilingi bilioni 38. Palikuwa na vifaa vya upasuaji, figo, wagonjwa mahututi na picha za mwili. Vingi vilisaidia watu waliokuwa wakisafiri hadi Nairobi. Lakini uchunguzi wa Seneti uliofuata ulikuta mahali ambapo mashine zilikaa bila kazi, kwa kukosa wataalamu, maji, stima ya kutosha au hata chumba cha kuziweka. Kaunti zililalamika kwamba hazikuulizwa zinahitaji nini. Kama kaunti hazikuulizwa, muuguzi wa zamu aliulizwa na nani?

Na tatizo si letu peke yetu. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2011, yaliyokusanya taarifa za vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, yalikuta karibu asilimia 38 havifanyi kazi. Utafiti mwingine wa mwaka 2010 ulifuatilia mafundi waliotengeneza vifaa vibovu katika hospitali 60 za nchi 11. Waliweza kurudisha kazini asilimia 72, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilihitaji ujuzi wa kawaida tu wa umeme, mabomba na ugavi wa nguvu, au kumwelekeza mtumiaji. Kwa maneno mengine, vitu vingi vinavyofungiwa stoo vikisubiri mtaalamu kutoka ng'ambo havimsubiri mtu huyo.

Mombasa ina maadui wake maalumu. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula visimamo vya vitanda, viunganishi vya umeme na mapezi ya kiyoyozi. Unyevu ni mkubwa karibu mwaka mzima. Mashine ya kutengeneza oksijeni, ile inayokaa kando ya kitanda, huvuta hewa ya kawaida na kuipitisha kwenye chembechembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni; zeolaiti ikinyonya unyevu uwezo wake unapungua, na kichujio kikiziba vumbi mashine hupata joto. Taa itaendelea kuwaka na sauti itaendelea kusikika, huku kinachomfikia mgonjwa kikiwa hewa isiyotofautiana sana na ya barazani.

Maji nayo. Mji huu unategemea maji yanayotoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na bomba likikauka watu hukimbilia visima, ambavyo kisiwani vina maji ya chumvichumvi. Maji hayo yakiingia kwenye mashine ya kutakasa vyombo kwa mvuke huacha magamba kwenye kipasha joto. Mashine haifi siku moja. Kwanza huchelewa kidogo kupata joto, wiki ijayo zaidi kidogo. Anayeona hilo ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, anayengojea vyombo huku mama mjamzito ameshaandaliwa. Mhandisi anajua maana ya dalili hiyo, ila hayupo pale kuiona. Daftari dogo la dakika za kuchemka, lijazwe na muuguzi na lisomwe na fundi kila wiki, ni rahisi kuliko kipasha joto kipya, na linaokoa siku ambazo upasuaji ungesimama.

Ndiyo maana naamini, na wapo watakaonipinga, kwamba hakuna kamati ya ununuzi inayopaswa kupitisha kifaa cha wodini bila muuguzi wa wodi hiyo na fundi atakayekihudumia kukaa mezani, wakiwa na uwezo wa kusema hapana. Kualikwa kwenye sherehe ya kukata utepe si kushirikishwa.

Malawi wametuonyesha inavyokuwa mambo yakianzia upande sahihi. Watoto njiti waliozaliwa na mapafu machanga walikuwa wakifa kwa sababu mashine za kuwasaidia kupumua zilikuwa ghali mno. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walifanya kazi na wahudumu wa Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, wakatengeneza kifaa kilichoanzia kwenye pampu za matangi ya samaki. Hewa hupita puani mwa mtoto, na upande wa kutokea mrija unachovya ndani ya maji. Kina cha mrija ndicho kiasi cha shinikizo, kwa hiyo muuguzi anakiona kwa macho, na viputo vikikoma anajua kuna mahali panavuja. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, kati ya watoto wenye tatizo hilo la mapafu waliopewa oksijeni ya kawaida, walionusurika walikuwa kama 24 kwa kila 100; waliotumia kifaa hicho walikuwa kama 65. Kimesanifiwa ili muuguzi akiendeshe mwenyewe bila kungoja daktari.

Hofu ya saa ya mkononi

Wauguzi wengi, wakimwona mtu amesimama pembeni na saa na karatasi, hudhani amekuja kuhesabu nani apunguzwe. Hofu hiyo ina asili yake. Upimaji wa kazi kwa saa ulianzia viwandani, na huko mara nyingi ulitumika kumbana mfanyakazi. Frank Gilbreth, mmoja wa waanzilishi wake, aliwapiga picha za sinema madaktari wapasuaji miaka ya 1910 na kuona wanapoteza muda mwingi kutafuta vyombo. Ndipo akapendekeza asimame mtu wa kuwakabidhi. Leo kazi hiyo ni ya muuguzi wa chumba cha upasuaji kila mahali. Ni wazo zuri, ingawa katika wazo hilo muuguzi ni mkono wa daktari tu, na maoni yake hayamo.

Ila hesabu ile ile inaweza kushikwa na muuguzi mwenyewe. Malalamiko kwamba "kazi ni nyingi" yamekwisha kuzoeleka ofisini, hakuna anayeyasikia. Jedwali linaloonyesha kwamba Jumatatu kati ya saa mbili na saa nne asubuhi wagonjwa hufika 9 kwa saa kwa muuguzi mmoja mwenye uwezo wa 10, na kwamba kumleta wa pili kwa saa hizo mbili tu kutakata foleni, ni vigumu kulikunja na kulitia kapuni. Mbishi wa kwanza, anayetaka wauguzi zaidi, angepata hoja yake kutoka kwa injinia anayemshuku.

Na pa kuanzia hapako mbali. Wauguzi wanafunzwa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, hapa hapa mjini, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Kituo kidogo cha Kisauni au Jomvu kinaweza kuomba wanafunzi wawili, mmoja wa kila upande, kwa wiki mbili. Karatasi ya safu tatu: saa mgonjwa alipofika, saa alipoitwa, saa alipotoka. Muuguzi wa kituo aamue ni makundi gani ya wagonjwa yatenganishwe, kliniki ya wajawazito, ya presha, ya chanjo, kwa maana yeye ndiye anayejua kwamba mgonjwa wa sukari huja hajala na hawezi kuwekwa mwisho. Kabla ya kuanza, zikaguliwe saa za ukutani za mapokezi na za chumba cha dawa ziwe zinakwenda sawa. Saa mbili zinazopishana dakika kumi zitawaonyesha wagonjwa walioondoka na dawa kabla ya kufika.